Nyie admini mnaosambaza code za bonasi za kasino za kripto, mnawaibia ndugu zetu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sitaficha.

Mimi nauza USDT, ile sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola, hapa Dar kwa P2P, yaani mtu kwa mtu. Mtu ananirushia hela kwa M-Pesa au Airtel Money, namwachia sarafu zake, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Miezi hii wanakuja watu ambao kripto hawaijui kabisa: mwanachuo, dada wa saluni, kijana wa bodaboda. Wote wanataka kiasi kilekile, dola mia hivi. Ukiuliza ya nini, jibu ni moja: "Kaka, nimeshinda, ila naambiwa niweke kidogo kuthibitisha akaunti ndiyo nitoe." Nikikataa kumuuzia ananuna, anaenda kununua kwa mwingine. Baadaye ananirudia analia, anauliza kama muamala unaweza kurudishwa. Haurudi. USDT ikishatua kwenye anwani ya mtu, hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupiga.

Wala huu si ujanja mpya. Julai 2025 Brian Krebs, mwandishi wa habari za usalama wa mitandao, alianika mtandao wa tovuti zaidi ya 1,200 za aina hii. Matangazo yanadai uongo kwamba wana ubia na mtu maarufu kama MrBeast wa YouTube, unapewa code, ukiiingiza unakuta salio la dola 2,500 za bure. Unacheza, unashinda, salio linapanda. Siku ya kutoa ndipo unaambiwa utume kama dola 100 za "uthibitisho". Ukituma, wanazua dai jingine. Mwezi uliofuata akaandika kuhusu genge linalowagawia watu injini ya kasino hizo na kuwaahidi wapiga debe hadi asilimia 70 ya faida. Asilimia 70! Faida hiyo inatoka wapi, kama si kwenye mifuko ya hao mnaowaita "familia" kwenye magrupu yenu ya Telegram?

Kwa hiyo msituambie eti na nyie mlidanganywa. Mtu analalamika kwenye grupu kwamba hela haitoki, mnafuta meseji yake na kumtoa. Mnajua mnachofanya.

Sasa nyie mnaosoma, shikeni hili kuliko yote: ukiambiwa uweke hela ndiyo utoe hela, umeshaingia kwa matapeli. Sharti hilo waliite uthibitisho, kodi ya serikali, ada ya gesi (gharama ya kutuma kripto) au kupanda VIP, ni kitu kilekile. Kampuni ya kweli ikiwa na ada inaikata kwenye salio lako. Wakikataa kukata, ujue salio lenyewe halipo, ni namba wameiandika kwenye ukurasa wao. Na usilegee kwa sababu walikuruhusu kutoa kidogo mara ya kwanza, wengine wanafanya hivyo ili uje na kubwa.

Wengi mnadanganywa na leseni. Chini ya ukurasa kuna muhuri wa Curaçao, kisiwa cha Karibi, au wa Anjouan, yaani Nzwani hapo Komoro, na watu wanatulia. Picha yoyote inakopiwa. Curaçao walibadilisha sheria yao Desemba 2024 na kuachana na ule utaratibu wa leseni ndogo chini ya leseni mama, lakini hizi tovuti bado zinabandika mihuri ya zamani. Bofya muhuri. Usipokupeleka kwenye tovuti ya mdhibiti mwenyewe, ikionyesha anwani ileile uliyoifungua, toka. Kwa hapa nyumbani, anayetoa leseni ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Waulize wao, usimuulize admini.

Halafu tazama umri wa tovuti. Ingiza jina lake kwenye WHOIS, huduma inayoonyesha jina la tovuti lilisajiliwa lini, ni bure. Tovuti inajinadi ipo tangu 2018 huku jina limesajiliwa mwezi uliopita! Hapo utabishana na nini?

Picha ya kitambulisho cha NIDA na selfi yako msitume huko. Hela ikishapotea, hivyo vinabaki mikononi mwao. Wala usiunganishe pochi yako ya kripto na kusaini kitu usichokielewa, na yale maneno 12 ya siri ya kufungulia pochi hayaombwi na mtu yeyote mwenye nia njema.

Kinachonichoma zaidi ni wale wanaokuja baada ya mtu kupigwa. Anaandika mtandaoni kwamba kaibiwa, punde inbox inajaa "wataalamu wa kurejesha kripto", na wao wanataka malipo ya mbele. Mtu mmoja anaibiwa mara mbili.

Uliyeibiwa, hifadhi namba ya muamala, anwani uliyotuma, na picha za mazungumzo yote, halafu nenda polisi mapema. Tether, kampuni inayotoa USDT, wana uwezo wa kufungia USDT kwenye anwani fulani na wameshafanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola, ila kuchelewa kunawapa wezi muda wa kuzihamisha. Watu wanaogopa kwenda kwa sababu ya lile tangazo la Benki Kuu (BoT) la Novemba 2019 lililowaonya watu wasitumie kripto. Serikali hiyohiyo, kwa Sheria ya Fedha ya 2024, imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali. Nenda ukashtaki, wewe ndiye uliyeibiwa.

Na wewe admini ambaye jana uliposti tena "jukwaa linalipa", njoo hapa hadharani. Acha skrinshoti za salio. Weka namba ya muamala wa hela uliyoitoa tuifungue Tronscan, tovuti inayoonyesha miamala ya mtandao wa Tron, wote tuone imetoka wapi na imeenda wapi. Nasubiri.