Mzee ameacha ghafla dawa za moyo na kushika tiba ya Ayurveda: naomba ushauri

Shambalai (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu baba yangu mzazi, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 63 anayeishi Lushoto. Tangu mwezi wa tatu amekuwa akilalamika kwamba kifua kinambana katikati, kana kwamba amewekewa gunia, kila apandapo kile kilima cha kwenda msikitini, na akisimama dakika tatu au nne hali hutulia. Sisi tulidhani ni kiungulia, naye akanywa dawa za kupunguza asidi mwezi mzima bila kupata nafuu. Hatimaye tulimpeleka hospitalini, akapimwa umeme wa moyo, na daktari akasema kwamba kipimo hakikuonyesha kasoro, lakini maelezo ya mzee mwenyewe yanamfanya ashuku kwamba mishipa inayoulisha moyo imeanza kuwa myembamba. Alimwandikia aspirini ya dozi ndogo, atovastatini (statini ya kushusha lehemu) na propranololi, pamoja na barua ya kwenda Dar es Salaam kwa vipimo zaidi.

Barua hiyo imo kabatini hadi leo. Rafiki yake wa zamani alimpeleka kwa tabibu wa Ayurveda (tiba ya jadi ya India) mjini Tanga, mtu mpole ambaye babu zake walitoka Gujarat, na mzee akarudi na mfuko wenye unga wa gome la arjuna wa kuchemsha kwenye maziwa, vidonge vya guggul, na unga mwekundu usio na lebo wa kulamba kidogo na asali. Aliambiwa pia anywe kijiko cha samli ya moto kila asubuhi. Siku hiyohiyo aliacha vidonge vyote vya hospitali. Sasa ni wiki ya tatu, na anasema kifua hakimbani tena. Mama anafurahi na kunishangaa mimi ninayenuna. Je, niache mambo yalivyo, au nina sababu ya kuogopa?

Mgosi wa Makorora

Ndugu, mgonjwa akisema amepona, wewe unataka nini zaidi? Dawa za miti hazina kemikali, na Wahindi wamezitumia tangu kale. Mjomba wangu alishusha presha kwa mzizi wa sarpagandha baada ya vidonge kumshinda. Mwache mzee anywe maziwa yake kwa amani.

Nesi wa Zamu

Shambalai, kabla sijasema lolote kuhusu Ayurveda naomba unijibu jambo moja: katika wiki hizi tatu, je, mzee bado anapanda kile kilima kwa miguu?

Wakati ukitafuta jibu, elewa kwamba propranololi si dawa ya kuachwa kwa siku moja. Kazi yake ni kupunguza kasi na nguvu ya mapigo ili moyo usidai damu kuliko ile ambayo mishipa iliyobanwa inaweza kuuletea. Mwili ukiizoea kisha ikakatwa ghafla, mapigo huweza kupanda kwa kishindo, maumivu ya kifua yakarudi makali zaidi, na kwa baadhi ya watu ukatokea mshituko wa moyo kamili. Ndiyo maana daktari akitaka kuiondoa huipunguza kidogo kidogo. Msimrudishie dozi nzima kwa uamuzi wenu wenyewe. Mpelekeni kliniki aliyokwenda mwanzo, wampime mapigo na presha, nao waamue aanze na kiasi gani.

Shambalai

Nimempigia mama simu. Kumbe mzee hapandi kilima tena. Aliambiwa apumzike siku 40, na kijana wa jirani humpeleka msikitini kwa bodaboda na kumrudisha. Hata maji ya kisimani hateki. Sikuwahi kuliunganisha jambo hili na kupona kwake.

Nesi wa Zamu

Basi hatujui kama amepona; tunachojua ni kwamba moyo wake haujaulizwa swali gumu. Maumivu yanayokuja mtu akijikaza na kuondoka akipumzika ni alama ya kawaida kabisa ya mishipa ya moyo iliyobanwa, na mtu akiacha kujikaza maumivu nayo hunyamaza, huku mshipa ukiwa umebanwa vilevile. Kipimo cha umeme wa moyo kilichofanywa mgonjwa akiwa amelala kitandani hakimpi mtu uhakika, kwa kuwa wengi wenye tatizo hili hutoka na karatasi safi. Daktari aliyesikiliza hadithi ya kilima akaiamini kuliko karatasi alifanya kazi yake vizuri.

Mwambie mama, na yule kijana wa bodaboda pia, jambo hili: siku kifua kikimbana akiwa amekaa tu, au kikabana zaidi ya dakika kumi na tano, au kukawa na jasho la baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi, au maumivu yanayopanda kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto, asisubiri asubuhi wala asichemshiwe kitu. Kama hana mzio wa aspirini wala historia ya kutokwa na damu tumboni, atafune aspirini ya miligramu 300 wakati mnatafuta gari, na aende hospitali yenye huduma ya dharura. Bodaboda isitumike siku hiyo ikiwa ipo njia nyingine. Anaweza kuzirai njiani akaanguka. Na kama ana kisukari, muwe waangalifu zaidi, maana kisukari huweza kuyaficha maumivu mgonjwa akabaki na uchovu na pumzi fupi tu.

Msomi wa Pune

Nilisoma Pune miaka minne (uhandisi, si utabibu), nikapanga chumba kwenye nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, kwa hiyo naomba niitendee haki tiba hii kabla haijasukumwa yote kwenye kapu moja na waganga wa njia panda.

Ayurveda ina maandishi marefu na makongwe. Maradhi ya moyo huitwa hridroga, na Charaka, tabibu wa kale, huyagawa katika aina tano, tatu zikitokana na vata, pitta na kapha (nguvu tatu ambazo Ayurveda huamini zinauendesha mwili), ya nne na hizo tatu zikichafuka pamoja, ya tano na vijidudu. Sushruta, tabibu mwingine wa kale, anaeleza hritshula, maumivu ya moyo yanayomzuia mgonjwa kuvuta pumzi. Watu hao waliyaona wanayoyaona madaktari wa leo, ila hawakuwa na njia ya kutazama ndani ya mshipa. India ya sasa inamtaka daktari wa Ayurveda asome shahada ya miaka mitano na nusu, ikiwamo mwaka wa mazoezi, na tangu 2014 kuna wizara nzima inayosimamia tiba hizo.

Arjuna ni mti unaoota kandokando ya mito ya India, wa jamaa moja na mkungu wetu wa pwani (tafadhali mtu asiende kubandua mkungu wa jirani, ujamaa wa miti si ujamaa wa dawa). Gome lake husagwa, likachemshwa kwenye maziwa na maji mpaka maji yaishe yabaki maziwa, na tabibu Vagbhata alilitaja kwa ajili ya moyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Si hadithi tupu. Mwaka 2002 madaktari wa India walichapisha jaribio la wanaume 58 wenye maumivu ya aina hii ya mzee, wakilinganisha miligramu 500 za arjuna kila baada ya saa nane na dawa ya kawaida ya kutanua mishipa, na arjuna ilifanya vizuri. Lakini kila tiba ilitolewa wiki moja tu. Wiki moja haiwezi kutuambia nani atakuwa hai baada ya miaka mitano, ilhali aspirini na statini zimejaribiwa kwa maelfu ya watu na kufuatiliwa miaka mingi.

Yule mwenye nyumba wangu alikuwa na kawaida moja ninayoikumbuka. Mtu akija na kifua kinachobana, alimpa kiti, akamshika mkono kusikiliza mshipa, kisha akamwita mwanawe awashe gari. Alisema kazi yake huanza mgonjwa akirudi kutoka hospitalini: chakula chepesi cha jioni, usingizi, hasira, tumbaku, na kupumua polepole. Kupumua kwa kasi na kwa nguvu, kule wanakokuita kapalabhati, alikuwa hawaruhusu kabisa watu wa moyo.

Mfamasia wa Pwani

Ninaomba tuufungue ule mfuko wa mzee kitu kimoja kimoja, kwa sababu neno "mitishamba" linaficha mambo mengi.

Guggul ni utomvu wa mti wa ukoo mmoja na manemane. Husifiwa kwamba hushusha lehemu, lakini jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2003 lilionyesha lehemu mbaya ikipanda kidogo kwa waliotumia, na baadhi wakatokwa na vipele. Lililo kubwa zaidi kwa mzee wetu ni kwamba guggul hupunguza kiasi cha propranololi kinachoingia kwenye damu. Akirudishiwa propranololi huku akiendelea na guggul kimyakimya, daktari ataona dawa haifanyi kazi na huenda akaongeza dozi, na siku guggul itakapoisha mapigo yatashuka mno.

Unga mwekundu ndio unaoninyima usingizi. Ayurveda ina tawi linalotumia madini yaliyochomwa na kusafishwa kwa taratibu zake, na mojawapo ya dawa zake nyekundu, rasa sindura, hutengenezwa kwa zebaki na salfa. Sisemi kwamba huo ndio uliomo; nasema unga mwekundu usio na jina haupaswi kuingia mdomoni mwa mtu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya eneo la Boston, Marekani, wakakuta 14 zina madini ya risasi, zebaki au aseniki. Hizo ziliuzwa dukani zikiwa na lebo.

Samli kijiko kimoja haitamuua, lakini kumnywesha kila asubuhi mtu aliyeandikiwa dawa ya kushusha lehemu ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Kwako Mgosi wa Makorora: sarpagandha ni mfano mzuri, ila unakugeukia. Ni kweli inashusha presha. Rustom Jal Vakil wa Bombay aliithibitishia dunia mwaka 1949, na mwaka 1952 wanakemia wakaitoa ndani yake resapini, ambayo ikawa kidonge cha hospitali. Kwa hiyo mzizi una kemikali, tena kali. Resapini huweza kumtia mtu huzuni nzito, kupunguza mapigo ya moyo na kuamsha vidonda vya tumbo, na ndiyo maana leo haitumiki sana. Mjomba wako apimwe, na aulizwe anavyolala na anavyojisikia rohoni.

Mgosi wa Makorora

Nimekuelewa, mfamasia. Mjomba kweli amekuwa mkimya mwaka huu, nasi tukadhani ni uzee. Nitampeleka.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Mwanangu Shambalai, hayo ya dawa yamesemwa na wenye kuyajua. Mimi naongelea namna ya kumfikia baba yako, kwa kuwa mwalimu mstaafu hafundishwi na mtoto wake akakubali. Marehemu mume wangu alikuwa hivyohivyo; nilipomtupia dawa za kienyeji jalalani, alinunua nyingine akazificha kwa fundi cherehani wake.

Usimtukane yule tabibu mbele yake, maana ni rafiki wa rafiki, na mzee ataona umewatukana wote watatu. Nenda nyumbani mwenyewe, usitume simu. Mpe shikamoo yake, kaa naye, muulize vidonge vya hospitali vilimfanyia nini hata akavichukia. Huenda vilimchosha, huenda vilimwondolea nguvu za kiume, na hayo hatayasema mbele ya mama yako. Kisha mwombe ruhusa umpigie tabibu, kwa heshima, akuandikie majina ya dawa zote ili daktari azijue. Tabibu wa kweli hatakataa.

Shambalai

Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni nyote. Nilikwenda Lushoto Ijumaa, nikarudi jana usiku.

Ilikuwa kama ulivyosema. Tulipobaki wawili barazani, mzee alinieleza kwamba propranololi ilimfanya aamke amechoka, miguu ya baridi, na jambo jingine ambalo halikuhitaji maelezo marefu. Hakumwambia daktari kwa sababu daktari ni kijana, tena aliwahi kumfundisha darasa la sita.

Tabibu wa Tanga nilimpigia mbele ya mzee. Alishtuka kusikia kwamba kulikuwa na vidonge vya hospitali. Mzee hakumwambia, na yeye anakiri hakuuliza. Alitaja arjuna na guggul bila kusita, akasema guggul isimamishwe na barua ya Dar es Salaam ifuatwe. Kuhusu unga mwekundu alisema ni "siri ya ukoo". Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaukunja ule mfuko mwenyewe na kunikabidhi.

Jumamosi tulikwenda kliniki. Mapigo yalikuwa 96 akiwa amekaa, na presha ilikuwa juu. Daktari, yuleyule mwanafunzi wake, alimsikiliza mlango ukiwa umefungwa, akamrudishia aspirini na atovastatini, na propranololi kwa dozi ndogo kuliko ya kwanza. Aliomba maziwa ya arjuna nayo yasimame mpaka vipimo vikamilike, ili ijulikane kipi kinafanya nini. Hapo mzee alibisha kwa muda, kisha akakubali kwa sharti kwamba swali la arjuna aulizwe bingwa wa Dar es Salaam mwenyewe. Tumepata nafasi kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Alhamisi ijayo, na tutashuka na basi la alfajiri siku moja kabla.

Nina swali la mwisho. Nimesikia atatembezwa kwenye mashine huku akipimwa umeme wa moyo. Je, asubuhi hiyo anywe propranololi au aache?

Nesi wa Zamu

Msiamue wenyewe. Dawa hiyo huzuia mapigo yasipande, na kipimo hicho kinataka mapigo yapande, kwa hiyo wakati mwingine wataalamu huagiza isimamishwe kabla. Lakini kwa mtu ambaye juzi tu ameiacha ghafla wanaweza kutaka aendelee nayo na kuchagua kipimo kingine. Pigeni simu kliniki ya taasisi mapema Jumatatu, mwelezeni tarehe aliyoacha na tarehe aliyoanza tena. Na ule unga mwekundu usiutupe. Uwekeni kwenye chupa yenye kifuniko, mwende nao.

Shambalai

Nimeshauweka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa. Jumatatu saa mbili nitapiga.