Matokeo ya madiwani: mnatutupia jumla tu, fomu za vituo mnazificha za nini?

Wakuu, leo sizunguki. Uchaguzi wa rais kila kituo kinamulikwa, ukija wa madiwani tunabandikiwa karatasi moja: fulani kura hizi, mwenzake hizi, zilizoharibika hizi, tawanyikeni. Ukiuliza kituo fulani kilitoa nini, jibu ni "matokeo yameshatangazwa". Nani kauliza kama yametangazwa? Nimeuliza yametoka wapi!

Kura zikihesabiwa kituoni mawakala wanaona, fomu inajazwa, wanasaini. Baada ya hapo tarakimu zinasafiri kwenda kujumlishwa, na huko ndiko mambo huharibikia. Wala si lazima awepo mwizi. Karani kachoka, usiku umekwenda, 106 inaandikwa 160, biashara imekwisha. Fomu zikiwa kabatini, kosa hilo nani atalijua?

Na msiniletee za "siku hizi ni mashine". New York, Juni 2021, mchujo wa mgombea umeya wa chama cha Democratic: tume ya jiji ilitoa matokeo yenye kura kama 135,000 za majaribio, zilizosahaulika kwenye mfumo. Za majaribio, jamani! Kambi ya mgombea mmoja ndiyo iliyohoji mbona jumla imevimba kuliko ile ya usiku wa uchaguzi, na matokeo yakaondolewa siku hiyohiyo. Walikuwa na cha kulinganishia. Sisi tunalinganisha na nini?

Oakland, California, 2022, ndiyo inanichefua zaidi. Kiti cha bodi ya shule, wapiga kura wanapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu; hesabu inakwenda kwa raundi, wa mwisho anatolewa na kura zake zinahamia chaguo linalofuata. Kuna walioacha nafasi ya kwanza wazi wakaanzia ya pili. Utaratibu ulitaka chaguo hilo la pili lipande juu tangu raundi ya kwanza. Mfumo ulipangwa vibaya, kura hizo zikawekwa pembeni. Matokeo yakathibitishwa, "mshindi" akaapishwa, kumbe aliyeshinda ni yule waliyemweka wa tatu! Walioligundua ni watu wa nje ya ofisi, waliozipitia upya rekodi za kura zenyewe, na ikabidi mahakama iingie kati 2023. Kwa jumla tupu wangegundua nini? Yule bwana angekuwa nyumbani hadi leo, anaambiwa akubali kushindwa.

Halafu wapo wa "kura za kata ni chache, mnagombania nini". Ndiyo maana nagombana! Northumberland, Uingereza, Mei 2017, wagombea wawili wa kata moja walifungana hata baada ya kurudia kuhesabu, mshindi akapatikana kwa kuvuta vijiti. Chama kilichopoteza kiti hicho kikakosa wingi wa baraza kwa kiti kimoja. Sasa wewe unayeandika "zilizoharibika" bila neno la ziada: alama ilitoka nje ya kisanduku? Karatasi haikuwa na muhuri? Au hukupenda tu alivyoweka tiki? Kata ikiamuliwa kwa kura tatu, hayo maelezo ndiyo uchaguzi wenyewe.

Ninachodai ni picha ya fomu ya kila kituo mtandaoni usiku uleule, na kila kura iliyokataliwa iandikwe sababu yake. Anayesema haiwezekani aje hapa aeleze inakwama wapi. Na asianze na "bajeti", kwa sababu fomu zimeshajazwa na kusainiwa tayari, ni kuzipiga picha tu.