Naombeni ushauri: opera ya Vienna, nisimame au nikae?

Wakuu, mwezi Mei naenda Vienna kikazi na nataka kuingia Wiener Staatsoper, jumba lao kuu la opera, angalau jioni moja. Nasikia kuna tiketi za kusimama, bei chee ukilinganisha na viti, na watu hufunga skafu kwenye chuma cha kuegemea kushikilia nafasi, kama sisi tunavyorusha begi dirishani mwa daladala! Ila opera nyingine za Wagner, yule mtunzi Mjerumani, huchukua zaidi ya saa nne, na goti langu moja lina ubishi. Mliowahi kwenda, kwa mgeni kama mimi si bora nianze na baleti, ambayo haina maneno ya kufuata? Au vile viskrini vinavyoonyesha tafsiri ya maneno yanayoimbwa vinatosha? Na mavazi je, kanzu na koti vitapita au lazima suti?