Kocha wa biashara ameisimamisha brashi ya mzee wetu kwenye glasi ya maji, nywele chini

Brashi_Buguruni:

Wakuu, nawasalimu, ingawa naandika nikiwa nimekunja ndita. Nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa mafundi wa mabango, ambako tuliitwa tukamsikilize yule bwana. Simtaji jina kwa sababu hakuna asiyemfahamu: ni yule yule wa suti ya buluu inayombana kifuani na viatu vyenye ncha ndefu, ambavyo viliingia ukumbini, vikasalimia na kupewa kiti kabla yeye hajafika mlangoni.

Alijitambulisha kwa muda ambao fundi mwenye mkono mwepesi angeandika milango yote ya maduka kutoka Kariakoo hadi Mbagala na kuirudia rangi ya pili. Tulielezwa kwamba yeye ni kocha wa biashara, mshauri wa viongozi, na mwandishi wa vitabu ambavyo bado havijatoka. Katika maelezo yote hayo hakusema hata mara moja kama amewahi kuandika, kubandika au kusimika bango lolote hapa duniani.

Hayo ningeyameza. Lakini alishuka jukwaani, akamwendea mzee wetu aliyeketi mstari wa mbele, mzee ambaye ameandika maneno ubavuni mwa magari ya abiria tangu enzi za chai maharage, yale magari ya abiria ya zamani, akaichomoa brashi kwenye mfuko wa shati lake bila hata kumpa shikamoo, akainyanyua juu na kutuuliza, "Jamani, hiki nacho bado kipo?" Watu wakacheka. Kisha akaitumbukiza kwenye glasi yake ya maji, nywele chini, akaiacha imesimama humo, naye akaendelea kutufundisha habari za kubadili mtazamo.

Nywele chini, wakuu! Tena ndani ya maji! Brashi ya rangi ya mafuta, ambayo mwenyewe kila jioni huiosha kwa mafuta ya taa, akainyoosha kwa vidole na kuilaza ubavu ili ncha isipinde, maana ncha ikishapinda hakuna tena mkia wa herufi utakaonyooka.

Baada ya hapo alitushauri tupandishe bei mara tatu, kwa madai kwamba mteja hanunui bango bali ananunua thamani. Mteja wa wapi huyo? Wangu huja na picha kwenye simu, anataka bango la mita tatu kwa bei ya mita moja, na ukimtajia advansi anakutazama kana kwamba umemtukania ukoo. Kocha aliyasema hayo mbele ya bango lake mwenyewe, ambalo uso wake ulijaza robo tatu ya turubai na neno "MAFANIKO" likakosa herufi yake. Isitoshe, uso wenyewe ulikuwa umegeuka buluu, kwa kuwa katika wino wa bei ya chini jua humaliza kwanza wekundu na manjano. Mtu ambaye hajui kwamba herufi ya sentimita 10 husomeka kwa raha umbali wa mita 12 hivi, na kwa hiyo ameandika huduma zake zote kwa herufi za ukubwa wa punje ya mchele, ndiye anayetufundisha kujitangaza.

Na wakati wote huo brashi ilikuwa imesimama kwenye glasi. Alipouliza kama kuna mwenye swali, brashi ilikuwa kwenye glasi. Alipogawa fomu za semina yake ya kulipia, brashi ilikuwa kwenye glasi, nywele chini. Naomba kujua, mtu wa namna hii hualikwa na nani?

Stika_Tupu:

Pole, mleta uzi. Hata hivyo, kutoka kwenye kiti chako hadi kwenye glasi ilikuwa safari ya kupanda ndege? Ungenyanyuka ukaitoa. Na utuambie ukweli: fomu hukuijaza?

Brashi_Buguruni:

Sikuijaza. Niliichukua iwe ushahidi tu.

Stika_Tupu:

Ushahidi huo una namba yako ya simu au hauna?

Kibao_cha_Mkono:

Bwana huyo ninamfahamu vizuri sana. Enzi za kware alikuwa kocha wa kware, akatuhakikishia kwamba yai moja lingetununulia kiwanja. Mabanda ninayo hadi leo, na ninahifadhia makopo ya rangi.

Dada_Plota:

Mzee amekosewa adabu, na katika hilo nipo pamoja nanyi. Hata hivyo, kocha hakukosea hoja. Plota yangu, mashine ya kukata stika, hukata herufi za duka zima kabla ninyi hamjamaliza kukoroga rangi.

Brashi_Buguruni:

Edward Tingatinga alishika brashi na rangi za baiskeli hapa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, dunia ikamjua, na hakuna aliyembadilisha mtazamo. Wewe dada, stika yako itashika wapi kwenye ukuta wa matofali ambao haujapigwa plasta? Na umeme ukikatika plota ikiwa katikati ya herufi, utamwita kocha?

Nguzo_Mwenge:

Ndugu zangu, kocha ni mgeni wa siku moja. Tatizo letu ni wateja. Mmoja alinilazimisha nisimike nguzo ndani ya hifadhi ya barabara, ingawa nilimweleza kwamba kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Bango limepigwa X nyekundu ya kubomolewa, na sasa anataka nimrudishie gharama zote pamoja na ushuru wa bango alioulipa.

Stika_Tupu:

Mita 30 umezitoa wapi? Mimi ninazifahamu mita 22.5.

Nguzo_Mwenge:

Hizo ni za zamani. Ndiyo maana nyumba nyingi zilizopigwa X zilijengwa watu wakijiona wako salama kabisa.

Dada_Plota:

Afadhali wewe uliyefika hatua ya kusimika. Mteja wangu aliomba kuona sampuli, akaipiga picha, akaipeleka kwa jirani yangu, na jirani akaichapa vile vile hadi na kosa la namba ya simu nililokuwa bado sijalirekebisha. Jirani huyo yumo humu na anasoma.

Turubai_Mbagala:

Kama ni mimi, nitaje.

Dada_Plota:

Sijamtaja mtu.

Turubai_Mbagala:

Nimeshajua kuwa ni mimi. Mteja alinieleza kwamba kazi ni yake, nami sina desturi ya kumwomba mteja cheti cha kuzaliwa cha bango lake.

Brashi_Buguruni:

Wakuu, ninawaomba turudi kwenye suala la brashi.

Turubai_Mbagala:

Brashi gani?

Nguzo_Mwenge:

Samahanini kwa kuingilia. Kuna mwenye visu vya plota vya nyuzi 60? Nina stika nene ya kuakisi mwanga na kazi inatakiwa kesho asubuhi.

Kibao_cha_Mkono:

Ninavyo vya nyuzi 45 tu. Vya 60 ulizia kwa jirani yake Dada_Plota, na ukivifuata, nitakupa banda moja la kware bure.