Betri mbili za gari la kambi zinatofautiana volti kabla ya safari ya Ruaha

Msafiri wa Kihesa

Habari zenu wanajukwaa. Nina Land Cruiser yenye hema la juu ya paa, na nyuma nimefunga betri mbili za AGM (aina ya betri ya asidi na risasi iliyofungwa, isiyoongezwa maji) za Ah (ampea-saa) 100 kila moja, zilizonunuliwa pamoja na kuunganishwa sambamba kwa ajili ya friji la lita 40 na taa. Wiki ijayo familia inatoka Iringa kwenda kupiga kambi Ruaha, na kwa kuwa gari limekaa muda mrefu bila kutumika, jana nilizitenganisha betri hizo, nikaziacha zipumzike usiku kucha, na asubuhi nikazipima. Ya kwanza ilisoma volti 12.72, na ya pili 12.41. Waya zote mbili zinazokwenda kwenye friji na kwenye chaja zimefungwa kwenye betri ya kwanza. Naomba kufahamu kama nizichaji zikiwa pamoja au mojamoja, na kama tofauti hiyo inatosha kunizuia kusafiri nazo.

Mzee wa Sola

Ndugu, ziunganishe tu chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, uziache hadi kesho. Yenye chaji nyingi itaijaza mwenzake, na zitasoma sawa bila kuhitaji chaja.

Fundi Umeme wa Magari

Kwa heshima, mzee wangu, hapo sitakubaliana nawe. Ni kweli kwamba volti zitalingana, lakini kulingana si kujaa: moja itashuka, nyingine itapanda kidogo, na zote mbili zitabaki pungufu. Betri ya asidi na risasi ikikaa pungufu kwa muda mrefu, salfeti (chumvi ya risasi) hujikusanya na kuwa ngumu kwenye bamba zake, na uwezo uliopotea kwa njia hiyo ni vigumu kuurudisha. Isitoshe, kama tofauti ingekuwa volti nzima, mkondo unaopita kwenye waya mnene katika sekunde za kwanza ungekuwa mkubwa mno kwa kazi ambayo chaja inaifanya kwa utulivu.

Ndugu Msafiri, betri ya AGM iliyojaa na kupumzika husoma kati ya volti 12.8 na 12.9, kwa hiyo hata hiyo ya kwanza haijajaa, na ya pili ina takriban theluthi mbili tu ya chaji yake. Ichaji kila moja peke yake, chaja ikiwa kwenye mpangilio wa AGM, na usiiondoe kwa sababu tu imefika volti 14.4. Sehemu ya mwisho ya chaji ndiyo inayochukua saa nyingi, na ndiyo watu wengi wanayoikatisha. Subiri hadi mkondo unaoingia ushuke kufikia ampea 1 au 2 huku volti zikiwa palepale. Kisha ziache zipumzike usiku mmoja bila kuunganishwa na kitu chochote, kwa sababu kipimo cha papo hapo baada ya chaja kutolewa huwa juu kuliko hali halisi.

Baada ya hapo zijaribu kwa mzigo, maana betri iliyochoka inaweza kusoma volti nzuri ikiwa haifanyi kazi yoyote. Chukua balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55, ambayo hula karibu ampea 4.6, uifunge kwenye betri moja kwa saa tano, ufanye vivyo hivyo kwa ya pili, uzipumzishe tena ndipo upime. Kila moja itakuwa imetoa takriban Ah 23, na ikiwa ni nzima inapaswa kubaki karibu na volti 12.5 au 12.6.

Ama kuhusu waya, hapo ndipo ninapodhani ugonjwa ulianzia. Waya zote zikifungwa kwenye betri moja, ya pili hupokea na kutoa umeme kupitia vipande vya kuunganishia vyenye ukinzani wake (hali ya kuzuia umeme kupita), hivyo haichajiwi sawasawa na mwenzake. Funga waya wa chanya kwenye betri ya kwanza na waya wa hasi kwenye betri ya pili, vipande vya kuunganishia viwe vya unene na urefu mmoja, na kila betri iwe na fyuzi yake karibu na ncha ya chanya.

Dada wa Mikumi

Naongeza jambo moja kuhusu njiani. Washa injini na upime volti kwenye ncha za betri za nyuma zenyewe, si kwenye alteneta (jenereta ya injini), kwa kuwa waya mwembamba na mrefu unaweza kupoteza nusu volti, na hapo betri hazitajaa hata mkiendesha kutwa nzima. Kumbuka pia kwamba Ruaha ni joto kuliko Iringa: kwa kila nyuzi 10 zaidi ya 25, volti za kuchajia hupunguzwa kwa takriban 0.2, kwa hiyo kama kidhibiti chako cha sola kina kihisi cha joto, kibandike kwenye betri.

Msafiri wa Kihesa

Nawashukuru sana. Baada ya chaji na mapumziko zilisoma 12.86 na 12.83, na baada ya jaribio la balbu, 12.57 na 12.49.

Fundi Umeme wa Magari

Ya pili imepungua nguvu kidogo, lakini haijafa. Zijaze tena mojamoja, zipumzishe, na uziunganishe zikiwa hazipishani zaidi ya volti 0.1. Kwa safari hii, zihesabu zote mbili pamoja kama Ah 80 za kutumia kwa usalama badala ya 100, yaani nusu ya Ah 200 zake, panga friji lijizime volti zikishuka hadi 12.0 likiwa linafanya kazi, na mkirudi zitenganishe uzipime upya kabla ya kuziweka kwenye chaja.