Mshono wa tumboni unatoa maji ya utumbo: afunguliwe tena au tusubiri?

Mama Zawadi: Habarini wapendwa. Mume wangu alipasuliwa kwa dharura, utumbo ulikuwa umetoboka kwa homa ya matumbo. Siku chache baadaye mshono ukaanza kutoa maji ya kijani yenye harufu, ngozi ya pembeni imechubuka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Daktari anasema ni fistula ya utumbo, yaani tundu kutoka utumboni hadi nje ya ngozi, tusubiri miezi. Ndugu zake wanataka tumhamishe akafunguliwe haraka. Kiu haimwishi, tukimpa maji, ndivyo yanavyozidi kutoka. Nifanyeje?

Sista Mstaafu: Pole mdogo wangu. Nimezeekea wodi ya upasuaji, na hao ndugu nawajua, hawakosekani. Waambie matumbo yake sasa hivi yamegandamana. Daktari akiingia mapema anaweza kutoboa sehemu nyingine ya utumbo. Kwa kawaida husubiriwa miezi mitatu hadi sita, na fistula nyingine hujifunga zenyewe kabla ya hapo, mradi ndani hakuna usaha wala utumbo haujaziba mbele ya tundu. Ila akipata homa na kutetemeka, hapo hakuna kusubiri: usaha utafutwe, utolewe.

Nyie mnakisia, pimeni. Ombeni mfuko wa kubandika, yanayotoka yapimwe saa 24. Yakizidi mililita 500 ni mengi, yanaondoka na chumvi ya mwili. Maji matupu ndiyo yanayomkausha: yanavuta chumvi kuingia utumboni, kisha yanatoka nayo. Chai na soda vilevile. Anywe ORS (ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji) kidogo kidogo, kiasi apange daktari, pamoja na dawa za kupunguza maji hayo. Msijinunulie dukani.

Gozi, kile kitambaa cha kufunika kidonda, peke yake msikubali. Inalaza maji hayo juu ya ngozi, na maji yale yanameng'enya nyama. Tundu la mfuko likatwe lizidi kidonda kidogo tu. Kuosha kwa spiriti hapana, maji ya uvuguvugu yanatosha. Marhamu ya zinki ni nzuri, lakini si pale mfuko unapobandikwa, hautashika.

Na kama daktari hajamkataza kula, mpe mayai, samaki, uji wa lishe. Kuna watu humnyima mgonjwa chakula ili tundu likauke. Tundu halizibwi kwa njaa.

Fundi wa Ubungo: Mimi nilipitia hayo. Mfuko umwageni ukifika theluthi, ukijaa uzito wake unaung'oa, tena usiku wa manane. Maumivu nilizoea. Aibu ya harufu mbele ya wakwe, hapana.

Mama Zawadi: Asanteni sana. Sista, tumepima tangu jana: mililita 900. Halafu mkojo umekuwa kidogo, rangi ya chai ya rangi. Ni kawaida?

Sista Mstaafu: Si kawaida. Acha simu, nenda kwa nesi wa zamu sasa hivi, mtajie hiyo 900 na huo mkojo. Anahitaji dripu na kupimwa potasiamu, moja ya chumvi za mwili. Usingoje raundi ya asubuhi.