Mjadala: Je, ni haki mabucha ya Malindi kuwatengea wenye hoteli steki?

Mwenyeji wa Shela: Ndugu zangu, mabucha ya mji wetu yamezoea kuwawekea wenye hoteli sarara na steki kabla ya milango kufunguliwa, na sisi tunaofika asubuhi tukakatiwa shingo na mfupa wa mguu. Ng'ombe ana sarara mbili tu, moja kila upande wa uti wa mgongo, kwa hivyo zikishachukuliwa mwenyeji hana chake. Mgeni wa Kitaliano ale apendacho, lakini mtu mwenye pesa zake asirudi nyumbani na matumbo kama fukara.

Bint Langoni: Kaka yangu, suala la hoteli nakuachia, ila hilo la ufukara silipiti. Kwetu Lamu matumbo humwagiwa maji ya moto, yakakwaruzwa kwa kisu mpaka weusi wote utoke, yakasuguliwa kwa chumvi na ndimu, kisha yakachemshwa kwa tangawizi na kitunguu thomu ndipo yakatiwa tui. Kazi hiyo humaliza asubuhi nzima, na mgeni wa heshima ndiye hupewa bakuli la kwanza. Uliyemwita fukara ni mama yangu.

Mpishi wa Pwani: Wala si kweli kwamba Mtaliano hujua sarara peke yake. Mtaa wa Testaccio, Roma, ulikuwa na machinjio makubwa yaliyofungwa mwaka 1975, na mapishi ya mkia na matumbo yaliyozaliwa hapo yangali yanaliwa na Warumi. Florence huuza barabarani tumbo la nne la ng'ombe ndani ya mkate, na Milano husifika kwa muundi wa ndama uliopikwa na uboho wake. Wageni wetu huagiza steki kwa sababu ndiyo tuliyoiandika kwenye menyu.

Mwenyeji wa Shela: Sikumtaja mama wa mtu, na naomba nisivishwe maneno. Mimi pia nimelelewa kwa supu ya makongoro.

Mkazi wa Maweni: Nyote mnajisifu kwa matumbo, lakini sisi tuliotoka bara tukichoma mutura mnafunga pua na kutucheka. Huo nao si utumbo?

Bint Langoni: Ndugu yangu, mutura hutiwa damu, na damu iliyomwagika ni haramu kwa Muislamu. Tukiikataa hatukudharau jiko lenu.

Mkazi wa Maweni: Haramu naielewa na naiheshimu. Kicheko ndicho kinachoniuma.

Mpishi wa Pwani: Mimi bado nashangaa tunavyoililia sarara. Ni laini kwa sababu msuli ule haufanyi kazi nzito, na ndiyo maana ladha yake ni hafifu. Muundi umebeba ng'ombe maisha yake yote. Ukiuacha juu ya moto mdogo kwa saa kadhaa, kano zake hulainika na mchuzi ukawa mzito. Pilau ya sarara hukosa supu ya kuupikia mchele.

Mwenye Bucha: Waheshimiwa, mwenye hoteli huchukua steki akaniachia kichwa, miguu minne na matumbo. Vitu hivyo vikilala bila mnunuzi, hasara yake naitia katika bei ya kilo ya mfupa, na anayeilipa ni huyuhuyu mwenyeji anayeona haya kubeba matumbo mbele ya jirani.